Mawe ya Kaka Yangu

Kitale, Jumapili, Februari 4, 2024

Mpendwa Senge Nabwile,

Mulembe. Ni mimi Ivy, mtoto wa kaka yako. Natumaini barua hii imekukuta mzima na goti limetulia. Sisi huku tuko salama. Mama amechaguliwa tena kiongozi wa kwaya ingawa alikataa mbele ya kanisa zima. Mimi bado nafundisha fizikia, na Kidato cha Tatu wananizeesha kabla ya wakati. Baba humkuti nyumbani. Anashinda machimboni kwake kule chini ya mlima, na sasa ana lori la pili, maana watu wa Tongaren na Naitiri wote wanataka nyumba za mawe kama yako.

Nimeandika kwa sababu najua sikio lako limegoma. Mara ya mwisho uliniambia ukisikia mtu kwenye simu ni kama anaongea akiwa ndani ya mtungi. Pia simu ikipigwa katika nyumba hii kila mtu husikia. Barua nampa Mary Ann, yule anayeleta vitunguu soko la Naitiri. Wewe pia umpe yeye majibu.

Pamoja na barua nimekuwekea vikopo viwili vyeusi vya plastiki. Mwalimu wangu wa zamani chuoni anafanya utafiti wa nyumba za eneo hili, naye ameniomba nimtafutie nyumba. Nakuomba uning'inize kimoja chumbani unakolala, mbali kidogo na ukuta, na kingine kwenye ile nyumba yenu ya zamani ya udongo unayopikia. Usivifungue na usivioshe. Vikae miezi mitatu, kisha mtu atakuja kuvichukua.

Ni utafiti tu, Senge. Usihangaike.

Anayekupenda,
Ivy


Naitiri, Februari 27, 2024

Ivy mwanangu,

Mulembe swa. Barua nimeipata, imenuka vitunguu lakini nimeisoma yote. Mimi ni mzima, goti ni lile lile. Mvua haijakuja, tumeshalima na tunangoja. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mwambie Dinah mama yako nimefurahi juu ya kwaya, na aache kujifanya hataki.

Vikopo nimevining'iniza. Pauline jirani yangu alipokiona cha chumbani akauliza kama nimeanza kufuga popo. Nikamwambia ni mambo ya mtoto wa kaka yangu, mwalimu. Akaheshimu. Hapa Naitiri ukisema jina la baba yako watu huheshimu, maana nyumba yangu hii alinijengea bure, na wale wanawake wa kikundi chetu walipoiona, kila mmoja alikwenda kwake kununua mawe. Pauline mwenyewe alihamia nyumba yake mpya ya mawe mwaka jana mwezi wa nane. Binti yake amejifungua mapacha, wanalala humo.

Sasa niulize. Vikopo vinatafuta nini? Umeandika ukurasa mzima bila kusema.

Na jambo la pili. Nilipokuja kwenu Krismasi nilikuta mafundi wanamalizia kubomoa kuta za chumba cha kulala cha baba yako. Kuta za mawe, hazina hata miaka miwili. Wakati huo walikuwa wanapandisha matofali ya kuchoma mahali pake. Nilimuuliza Walubengo baba yako, akasema kulikuwa na unyevu. Mimi nilizishika zile kuta, Ivy. Zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Ni nini kilikuwa kwenye chumba kile?

Nangoja.

Senge yako,
Nabwile


Kitale, Machi 17, 2024

Mpendwa Senge,

Mulembe. Pole kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Sote ni wazima. Hongera kwa ndama. Huku mvua imeanza kunyesha jioni na Mama ameshapanda maharagwe nyuma ya jiko.

Umeuliza vikopo vinatafuta nini. Nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Kila jiwe, kila tofali, kila udongo una chembe ndogo sana ambazo tangu dunia iumbwe zinatoa miale. Huioni na huisikii. Katika mawe mengi ni kidogo tu, haina neno. Lakini kuna mahali ambapo jiwe limebeba zaidi, hasa penye milima iliyowahi kutoa moto. Jiwe la namna hiyo hutoa gesi inayoitwa radoni. Haina harufu wala rangi. Nje inapeperuka na kupotea. Ndani ya nyumba iliyofungwa inajikusanya, na mtu akiivuta miaka mingi inaweza kudhuru mapafu. Ndani ya kikopo kuna kipande cha plastiki ambacho gesi hiyo hukikwaruza, na wataalamu huhesabu mikwaruzo.

Si kwamba nyumba yako ina shida. Ndiyo kwanza tunapima. Kwa sasa fungua madirisha mchana kutwa, na usiku acha hata moja wazi.

Ng'ombe asinyonywe sana na ndama, maziwa yatakosekana.

Wako,
Ivy


Naitiri, Mei 30, 2024

Ivy,

Mulembe. Mahindi yamefika magotini. Tumemzika mzee Kibe wa pale posho mill tunaposagia mahindi, walikuja watu wengi. Mimi ni mzima.

Barua yako ya Machi ilikaa kwenye gunia la Mary Ann mpaka katikati ya Aprili, na nilipoisoma nilikasirika nikaamua nisijibu mpaka hasira iishe. Haijaisha, kwa hiyo najibu nayo.

Unanifundisha ng'ombe. Mimi nimekamua kabla mama yako hajaolewa. Nilikuuliza juu ya chumba cha baba yako ukanijibu juu ya ndama. Unadhani mtu akizeeka sikio na akili vinakufa siku moja?

Unaniambia nifungue madirisha. Madirisha gani? Umelala katika nyumba hii. Chumba cha kulala kina kioo kimoja kilichokazwa kwenye simenti, hakina hata bawaba. Matundu ya hewa juu ya dirisha hayakuwekwa. Baba yako alisema ya nini, yanaingiza mbu na vumbi, na nyumba ya kisasa hufungwa vizuri. Nyumba zote za kikundi zimejengwa hivyo hivyo, fundi ni mmoja, Dancan, na ramani ni ya baba yako.

Nilimwita huyo Dancan. Nilimuuliza polepole, nikampa chai. Akasema yeye hajui mambo ya gesi, lakini ni yeye aliyeitwa Kitale kubomoa kile chumba. Akasema kabla ya kubomoa alikuja mtu na kamashine, akakaweka ukutani, akaongea na baba yako wakiwa wamesimama nje kwa muda mrefu. Kesho yake akaambiwa abomoe. Mawe yaliyotoka pale akaambiwa ayapakie kwenye lori. Nilimuuliza lori lilikwenda wapi. Akasema lilikuja huku Tongaren.

Kijana alikuja kuchukua vikopo jana. Alikuwa na adabu.

Sitauliza mara ya tatu.

Nabwile


Kitale, Julai 14, 2024

Mpendwa Senge,

Mulembe. Mama anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini. Barua hii nimeianza mara nyingi. Nisamehe kwa siku zilizopita.

Majibu yametoka. Katika nyumba ya udongo unayopikia, gesi ni kidogo, haifiki hata nusu ya kiwango ambacho kikifikiwa wataalamu wanaanza kuwa na wasiwasi. Upepo unapita chini ya mabati, inatoka. Chumbani kwako imezidi kiwango hicho zaidi ya mara tatu. Mwalimu wangu amepima pia vipande vya mawe nilivyompelekea kutoka machimboni. Upande wa juu wa machimbo mawe ni ya kawaida. Upande wa chini, kule yaliko yale meusi yenye vidoa vyekundu ambayo kila mtu anayapenda kwa sababu ni mazuri kwa macho, yamebeba chembe hizo kuliko ipasavyo.

Nataka uelewe vizuri, usiogope kupita kiasi. Si sumu ya kuua mtu kesho. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia huyu ataugua na huyu hataugua. Ni hatari inayoongezeka mwaka kwa mwaka kwa anayelala humo, na inapungua sana hewa ikipita. Hata kuupaka ukuta plasta nzuri kunasaidia. Kinachosaidia zaidi ni matundu na madirisha yanayofunguka.

Sasa lile uliloniuliza. Ndiyo. Mwaka jana, mwishoni mwa Novemba, mtafiti yule yule, mwalimu wangu, alikuja nyumbani kwetu kwa sababu mimi nilimwalika. Alipima vyumba vyote. Chumba cha Baba na Mama ndicho kilichokuwa kimejengwa kwa yale mawe ya chini. Alimweleza Baba kila kitu kama nilivyokueleza. Baba alisikiliza, akamshukuru, akampa kuku. Wiki hiyo hiyo akaanza kubomoa.

Nilidhani ataacha kuchimba upande wa chini. Hakuacha. Nilimuuliza Januari, tukiwa mezani, watu wa Naitiri je, Senge je. Alisema, "Watu wa huko wamevuta moshi wa kuni maisha yao yote. Hewa kidogo ya ukuta itawafanya nini?" Mama aliinuka akaenda jikoni. Nikamwambia basi angalau tukutobolee wewe madirisha. Akasema akikutobolea wewe, wote watauliza kwa nini.

Ndipo nikaleta vikopo.

Ivy


Naitiri, Agosti 2, 2024

Ivy,

Leo sina salamu ndefu. Watu ni wazima.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa nje, kisha nikaingia ndani nikaangalia ule ukuta. Nilikuwa naupangusa kwa kitambaa kila Jumamosi. Nilikuwa naonyesha wageni vile vidoa vyekundu.

Baba yako nitamfikia. Nianze na wewe. Ulijua Novemba. Krismasi nililala kwenu, tukapika pamoja, ukanisuka nywele. Ulikuwa na mdomo. Ukangoja Februari ukaniletea vikopo, ukasema ni utafiti tu, usihangaike. Miezi mitatu mingine nimelala humo ili wewe upate namba. Ulitaka namba za nini? Kama baba yako alibomoa chake bila kungoja vikopo, kwa nini changu kingoje?

Najua utasema uliogopa baba. Mimi nimekuwa dada yake miaka mingi kabla hujakuwa mtoto wake, najua anavyotisha. Lakini wale mapacha wa Pauline hawakuwa wamezaliwa Novemba. Pauline angeweza kuwaandalia kitanda kule nyumba ya zamani. Nani alimwambia anunue mawe yale? Ni mimi. Nilisimama kwenye mkutano wa kikundi nikasema mawe ya kaka yangu ni ya kuaminika. Sikudanganya, nilisema nilichojua. Ninyi ndio mliokuja kujua kingine, mkaniacha niendelee kusema.

Kwa baba yako ninachosema ni hiki. Moshi wa kuni tulivuta kwa sababu hatukuwa na namna. Na yeye aliuvuta, kwenye jiko lile lile, mimi nikiwa nimembeba mgongoni. Alipopata namna, alijipa yeye.

Jumatano nimeita kikundi. Nitawaeleza. Dancan nimemwambia aje na patasi na nyundo, aanze na chumba cha wale watoto.

Nabwile


Kitale, Agosti 18, 2024

Senge,

Huna kosa hata kwa neno moja. Sina la kujitetea, nimejaribu kuliandika na kila nikiliandika linakuwa baya zaidi.

Nimemwambia Mama yote, pamoja na vipimo vya chumbani kwako. Siku ya tatu akahamishia nguo zake chumba cha wageni. Baba amejua nimekuandikia. Nimepanga chumba mjini, karibu na shule, cha mabati na mbao. Kina upepo kweli.

Nimesikia lori litaleta mawe Naitiri mwezi ujao kwa ajili ya darasa la watoto wadogo la kanisa. Ni mawe ya chini. Baba ameyatoa kama mchango. Nakuambia mapema, na safari hii sijangoja.

Ivy


Naitiri, Septemba 22, 2024

Ivy mwanangu,

Mulembe. Mvua imekuwa nzuri na mahindi yamezaa, tutavuna vizuri Mungu akijalia. Mapacha wameota meno. Barua yako ilifika kwa wakati na nimekusamehe nusu, nusu nyingine tutaimaliza tukionana.

Acha nikuambie ya jana ili usiyasikie kwa watu yakiwa yamegeuzwa.

Lori lilifika asubuhi pale kanisani. Sisi wanawake wa kikundi tulikuwa tumeshakaa pale uwanjani ambapo mawe yangemwagwa, kila mtu na kigoda chake, wengine wanamenya maharagwe. Dereva alipiga honi. Hatukuinuka. Alishuka akatuomba kwa heshima, maana ni kijana mzuri, Pauline akampa chai na akamwambia akae kivulini. Mchungaji alikuja akauliza kama tunajua tunakataa zawadi ya Mungu. Nikamwambia zawadi tunaijua, tunalala ndani yake. Wakampigia baba yako.

Alifika baada ya saa sita na gari lake dogo. Watu walikuwa wameongezeka. Alinisalimia vizuri, kisha akanivuta pembeni, mimi nikakataa kwenda pembeni. Basi akasema pale pale kwamba namtia aibu, kwamba mimi ndiye wa kwanza kujengewa naye, kwamba serikali haijayakataza mawe yake na hakuna karatasi yoyote inayosema ni mabaya.

Nikamwambia, "Sikuulizi serikali. Nakuuliza wewe. Ni mazuri?"

Akasema, "Ni mazuri. Ni mawe tu, kama mawe mengine."

Nikamwambia, "Basi leo usirudi Kitale. Lala kwangu. Nimekutandikia kitanda changu, na yale matundu Dancan aliyotoboa nimeyaziba kwa magunia, chumba kiko vile ulivyokijenga wewe."

Ni kweli nilikuwa nimeyaziba, asubuhi ile. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara tu, unaijua. Nilitangulia, naye akanifuata kwa sababu watu wote walikuwa wanaangalia, na watu nao wakafuata. Nilifungua mlango wa chumbani. Shuka zilikuwa zile nyeupe ambazo mama yako alinipa. Baba yako alisimama mlangoni. Aliweka mkono kwenye fremu, akachungulia, akaangalia kile kioo kisichofunguka. Hakuingiza mguu. Nilidhani ataingia, Ivy. Nakuambia ukweli, moyo wangu ulitaka aingie, hata akae tu kitandani dakika moja anicheke, aseme dada wewe ni mjinga.

Akasema ana mkutano kesho asubuhi. Akasema gari amelisimamisha vibaya. Akageuka.

Hakuna aliyemzomea. Walimpisha tu apite. Pauline ndiye aliyevuka barabara akamwambia dereva wa lori awashe injini arudi na mzigo wake. Mchungaji hakusema tena habari ya zawadi. Darasa tutajenga kwa matofali yetu wenyewe, udongo wa kule mtoni, na tumekubaliana sampuli ipelekwe kwa yule mwalimu wako kwanza. Tumeshajifunza.

Chumbani nimeshatoa magunia. Kile kioo Dancan atakivunja Jumatatu. Usiku nililala jikoni, kwenye nyumba ya udongo, si kwa ajili ya gesi. Sikutaka kulala kwenye shuka alizokataa.

Senge yako,
Nabwile


Kitale, Oktoba 20, 2024

Mpendwa Senge,

Mulembe. Nimesoma barua yako na Mama, tukaisoma tena. Yeye ni mzima, bado yuko chumba cha wageni, lakini ameanza kumwekea Baba chakula mezani. Mimi nimezoea chumba changu. Wanafunzi wananisalimia nikianika nguo.

Vikopo vipya vilivyowekwa kwa Pauline vitakaa mpaka Januari, lakini mwalimu alipita na kile kipimo cha haraka na anasema hewa inayopita imefanya kazi kubwa, mapacha wanalala salama. Nyumba zote za kikundi atazipitia. Ameandika pia kwa watu wanaohusika kaunti, hawajajibu. Ataandika tena, na mimi nitaandika.

Baba amefunga upande wa chini wa machimbo. Hakusema kwa nini. Mawe yaliyokuwa yameshachongwa ameyauza kwa watu wanaojenga kuta za kuzuia maji barabarani, nje, ambako hayana ubaya. Wiki iliyopita alipeleka fundi wa vyuma Naitiri na madirisha yanayofunguka, kila nyumba ya kikundi. Pauline amenipigia kuniambia. Ameniambia pia kwamba kwako hayakuletwa. Nilimuuliza Baba kwa nini. Alisema Dancan ameshakuwekea. Hakuniangalia.

Nilikwenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amekaa uani peke yake. Nilikaa naye. Hakukutaja, lakini nilijua anakufikiria, maana aliuliza kama goti lako linaweza kusafiri. Nikamwambia aende yeye huko.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo mtafiti alimwambia Novemba ile mbele yangu, na ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu niliposoma barua yako. Nikamwambia, "Baba, usiku mmoja haungekufanya chochote. Hata mwezi. Ungelala tu."

Alikuna kidevu.

"Najua," akasema. "Si gesi iliyonizuia."

Mtoto wenu,
Ivy